Huku Tunalalamikia Jua

Tanga nilikokulia, mtu akiingia ndani huku anajipepea na upindo wa kanga, husema, "Joto leo!" Dodoma ninakoishi, mtu akiingia ndani anafuta vumbi usoni, husema, "Jua leo!" Nilikaa huku kama miaka mitatu kabla sijatambua kwamba hawa wawili hawalalamikii kitu kimoja.

Nilihamia mwaka 2017, katika lile wimbi la watumishi tulioambiwa Serikali inahama, nasi tuhame nayo. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ni wa 1973, wengi wetu hata hatujazaliwa, na kwa miaka zaidi ya arobaini ulikuwa kama ile ahadi ya mjomba ya kukununulia baiskeli. Mwaka 2016 mjomba akaja na baiskeli kweli. Nikapakia kitanda, masufuria na kabati la mninga alilonitengenezea fundi mmoja wa Ngamiani, nikaaga.

Kabati ndilo lililoanza kunifundisha. Usiku mmoja wa Septemba lilitoa mlio, kwa!, nikaruka kitandani nikidhani kuna mtu dirishani. Asubuhi nikakuta mlango wake umepasuka kutoka juu hadi karibu na kitasa. Fundi wa huku alipoliona hata hakushangaa. "Dada, mbao za pwani zinakuja na maji yake," alisema. "Huku lazima ziyatoe." Baada ya kabati ikafuata midomo yangu, kisha visigino. Kisha damu ya pua kwenye mto, ambayo ilinipeleka zahanati mbio, nikarudi na ushauri wa kupaka mafuta ya mgando puani. Lakini kulikuwa na raha zake pia. Nyumbani Tanga chumvi tunaiwekea punje za mchele koponi ili isigande, na bado inaganda. Huku inamwagika kama mchanga. Kanga ukianika ya kwanza, ukimaliza ya nne, ile ya kwanza imekwisha kukauka.

Kuna jambo lingine la kulisema mapema, kwa sababu watu wa Dar hawaliamini. Dodoma haina joto kali hivyo ukiangalia vipimo. Mji uko zaidi kidogo ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai usiku unashuka hadi nyuzi 13 au 14, upepo unavuma mchana kutwa, na sisi wa pwani tunatembea na makoti kama mabaharia. Ubaya wenyewe ni Oktoba na Novemba. Mwanzoni mwa Oktoba jua linapita utosini kabisa, likielekea kusini. Litapita tena utosini mwanzoni mwa Machi, lakini Machi hakuna anayelalamika, maana anga lina mawingu, udongo umelowa, na sehemu kubwa ya ukali wa jua inaishia kukausha maji. Oktoba hakuna maji ya kukausha. Mvua ya mwisho ilinyesha Aprili, ijayo labda mwisho wa Novemba, labda Desemba, na hesabu ya mwaka mzima ni milimita kati ya 500 na 600 tu. Basi jua lote linakuja ardhini, ardhi inaipasha hewa, kipimo kinasoma 32, 33, siku mbaya zaidi ya hapo. Saa nane mchana barabara ya Nkuhungu inabaki na bodaboda na visulisuli. Mbuzi wanajipanga kwenye kivuli cha ukuta, mstari mmoja, kivuli kikisogea nao wanasogea.

Sasa, mtoto wa mama mdogo anaishi Sacramento, katika jimbo la California kule Marekani. Nikimlilia habari za nyuzi 33 anacheka. "Dada, 33 huku ndiyo siku ya kufua mablanketi." Mji wake uko bondeni, mita chache tu juu ya usawa wa bahari ingawa bahari yenyewe iko mbali, na kiangazi chake kikikolea kinavuka 40 bila kuomba ruhusa. Septemba 6, 2022 mji ule uliweka rekodi yake ya nyuzi 46.7. Alinipigia huku ikiwa saa moja asubuhi ya kesho yake, kwake saa tatu usiku, akaniambia ameweka kiganja ukutani na ukuta bado unachoma. Nikapiga hesabu ya kujifariji: hewa inapoa nyuzi sita hadi saba hivi kwa kila kilomita unayopanda. Ukiishusha Dodoma hadi usawa wa bahari, Oktoba yetu ingefika 40. Kwa hiyo si kwamba jua lake ni kali kuliko langu. Mimi nimekaa darini, yeye yuko sakafuni.

Kilichonikaa kichwani lakini si rekodi ile. Ni safari yake ya Julai, mwaka mwingine, aliyokwenda San Francisco na watoto. Kilomita kama 140 tu, kama unatoka Dodoma kwenda Gairo. Waliondoka Sacramento kipimo cha gari kinasoma 41, watoto wana singlendi na kandambili. Wakavuka vilima, na upande wa pili wakaingia ndani ya ukungu. Waliposhuka garini karibu na lile daraja kubwa jekundu la Golden Gate kipimo kilisoma 15, nguzo za daraja zinaonekana vichwa tu, na kutoka majini inasikika honi ya kuonya meli, inalia kama ng'ombe aliyepotea. Watoto wakaanza kutetemeka. Pembeni pale pana maduka yanayouza masweta mwezi wa Julai, kwa watu kama yeye hasa, akanunua matatu kwa bei ambayo mpaka leo hajaniambia.

Nilidhani ametia chumvi, nikatafuta kusoma. Hakutia chumvi. Na mfano uliofanya nielewe ni miwani yangu.

Tangu treni ya umeme ianze kwenda Dar mwaka 2024, nasafiri mara kwa mara kikazi, na safari haifiki hata saa nne, mwili haupati muda wa kujiandaa. Behewa lina kiyoyozi. Nikishuka Dar mwezi wa pili, hatua ya kwanza nje ya mlango, miwani inafunikwa na mvuke, nasimama kama kipofu, watu wananipita na mabegi. Hewa ya Dar imebeba maji mengi. Ikigusa kioo kilichopoa, mvuke unageuka vitone. California ni hivyohivyo, ila kioo ni bahari. Pwani ile inapitiwa na mkondo wa maji baridi unaotoka kaskazini, na juu ya hapo upepo wa kiangazi unayasukuma maji ya juu yaende zake mbali na ufuo, yakipanda mengine kutoka kilindini, baridi zaidi. Hewa yenye unyevu inayotoka mbali juu ya bahari ya Pasifiki ikifika kwenye maji hayo ya nyuzi 12, 13, inafanya kile inachofanya kwenye miwani yangu. Huo ndio ukungu.

Na kinachouvuta uje nchi kavu ni joto la mdogo wangu. Hili ndilo lililonifurahisha. Bonde la Sacramento likichomwa, hewa yake inapanda, nafasi inayobaki inataka kujazwa, na hewa ya kuijaza iko baharini. Inaingia kwa fujo kupitia mwanya uleule wa daraja. Bara likizidi kuwaka, pwani inazidi kuvaa masweta. Vilima vinauzuia ukungu usifike kwake, lakini jioni fulanifulani upepo wenyewe unapenya kwa njia ya mto hadi Sacramento, na watu wanafungua madirisha yote kwa mara moja. Anasema unausikia mtaa mzima, madirisha yanafunguliwa.

Wivu ulinishika. Bara linalowaka ninalo. Bahari ninayo. Ukungu wangu uko wapi?

Tatizo ni bahari. Maji yanayopiga Tanga na Dar yamesafiri kuvuka Bahari ya Hindi karibu na ikweta, yakichomwa na jua njia nzima, yakafika kwetu yakapinda kwenda kaskazini kufuata mwambao. Mtoto wa pwani anajua: ukiingia kuogelea usiku, maji ni ya uvuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Upepo wa baharini upo, mchana unakuja vizuri tu, na tumeupa majina kwa misimu, kaskazi na kusi, lakini unakuja na mvuke wake. Pwani za ukungu ni za wenzetu wenye maji baridi. Namibia wanao, bara hilihili letu; mji wa Swakopmund uko kwenye jangwa na unaamka umefunikwa na ukungu wa Atlantiki, na kuna mdudu wa mchangani huko anayesimama kichwa chini matako juu ili vitone vimteremkie mdomoni. Sisi tulipangiwa bahari ya moto, ikatupa minazi na majahazi na samaki wa kutosha, sikatai. Lakini ukungu haikutupa.

Au niseme umewekwa kwingine. Nikiwa mtoto, kulipokucha Tanga, upande wa machweo milima ya Usambara ilikuwa imevaa kilemba cheupe. Na sasa treni ikikaribia Morogoro, Uluguru ndiyo hiyohiyo, kichwa hakionekani. Ile hewa ya baharini inayotutoa jasho haiishii pwani. Inasukumwa bara, inagonga milima, inapanda, inapoa, inatema maji. Amani, juu ya Usambara, inapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Baada ya hapo hewa inashuka upande wa pili ikiwa imekwisha kukamuliwa, inatupitia Wagogo na wageni wa Wagogo bila kitu mfukoni. Ndani ya treni unaliona hili kama mtu anakuchorea: Ruvu kijani, Morogoro mawingu, Kilosa mahandaki, na ukitoka mahandakini kwenda Gulwe nchi imegeuka rangi, mibuyu imeanza, mito ni mchanga. Ukungu wetu umekamatwa katikati ya njia.

Kwa hiyo sina ukungu. Lakini kulikuwa na jambo ambalo watu wa huku walikuwa wanalijua na mimi nilikuwa silijui, na nililijua kwa kukosa umeme.

Ilikuwa Oktoba, umeme umekatika tangu asubuhi, friji limekuwa kabati. Jirani yangu, babu mmoja wa Kigogo, alinikuta nimekaa ndani nimefungua madirisha yote. Nikamwamkia, akaitikia, akatazama madirisha yangu.

"Mwanangu, unamsubiri nani?"

"Upepo, babu."

Akacheka sana. "Ninyi watu wa pwani mnajenga madirisha kama milango. Huku dirisha linaingiza jua na vumbi. Funga. Utafungua usiku."

Nilifunga kwa heshima tu, si kwa kuamini. Lakini ni kweli. Pwani tunafungua kwa sababu ndani na nje ni kulekule, na kitu pekee kinachosaidia ni hewa itembee mwilini. Dodoma ndani na nje ni nchi mbili. Hata usiku wa Oktoba na Novemba, ile mibaya, hewa inashuka hadi 20 au chini. Wakati Tanga mwezi wa pili saa tisa za usiku bado ni 25 na shuka limenata mgongoni. Unauingiza usiku ndani, asubuhi unaufungia.

Babu alikulia kwenye tembe: ukuta mnene wa fito na udongo, dari ya magogo iliyofunikwa udongo, fupi, bapa, vitundu vidogo badala ya madirisha. Sitaki kuisifia kupita kiasi. Mwenyewe anasema ilikuwa giza, moshi, na mvua kubwa ikinyesha mnahamisha vitanda. Akapata uwezo akaezeka bati kama kila mtu. Ila anasema saa nane mchana ndani ya tembe ulikuwa unaweza kulala, na chini ya bati lake huwezi. Udongo mnene unapokea jua polepole, ukija kulitoa ndani ni usiku, wakati hakuna anayejali. Bati linakukabidhi papo hapo.

Na sisi tumejaza mji bati. Ukipanda kilima cha Mlimwa ukatazama chini, mji unang'aa kama sahani zilizoanikwa. Nyumba niliyopanga mwanzo ilikuwa na mwarobaini mmoja mkubwa uani, matawi yake yamefunika nusu ya paa. Mwenye nyumba akaukata ili gari lipate pa kuegesha. Sikuwa na la kusema, mti si wangu. Wiki hiyohiyo chumba cha watoto kikawa hakikaliki mchana, na mwezi uliofuata alikuja kuniuliza kama ningependa aniwekee kiyoyozi, kwa nyongeza ya kodi. Nimelisimulia jambo hili mara nyingi, na bado linanipandisha presha. Kivuli cha pwani ni nusu ya dawa. Umekaa chini ya mkungu na bado unatoka jasho. Huku kivuli ni dawa nzima. Hatua tatu, kutoka juani hadi chini ya mti, na umebadilisha mkoa. Kukata mti Dodoma ni kumwaga maji ya kisima.

Lakini nilikuwa nasema habari ya umeme. Babu aliponiona nahangaika na friji alinituma sokoni Majengo nikanunue mtungi. Nikaujaza jioni nikauweka penye upepo, na asubuhi maji yake yaliniuma meno. Nikakumbuka kwamba hata bibi yangu Tanga alikuwa na mtungi, maji yake mazuri, yana harufu ya udongo, ila kuuma meno, hapana. Mtungi unapoza kwa kutoka jasho: maji yanapenya ukutani, yanakauka nje, na yakikauka yanaondoka na joto. Hewa ya nyuzi 33 yenye unyevu wa asilimia 25, mchana wa kawaida wa kiangazi huku, inaweza kukishusha kitu kilicholowa hadi karibu 19. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 70 inagota kwenye 27 hivi. Mwili nao ni mtungi. Ndiyo maana huku hulioni jasho lako, linakauka kabla halijachuruzika, na mgeni anadhani hatoki jasho. Jioni kichwa kinamgonga, anatazama shati lake jeusi na kukuta ramani nyeupe ya chumvi mgongoni. Siku hizi mgeni wangu akifika namkabidhi chupa ya maji kabla ya salamu kuisha.

Oktoba iliyopita mgeni alikuwa mama. Alikuja na basi, Segera, Chalinze, Morogoro, na kuanzia Gairo, kwa maelezo yake, alihisi mtu anamkausha kwa taulo. Siku mbili za mwanzo alilalamika kwa zamu: ngozi, midomo, vumbi, na kwa nini nimefunga madirisha kama nyumba ya mkopo. Siku ya tatu alikaa uani chini ya mkwaju wa babu, wakaulizana habari za wajukuu mpaka alasiri. Usiku huo aliomba shuka la pili. Alfajiri aliomba blanketi, kwa sauti ya mtu anayedai alichoibiwa.

Alichokipenda ni mtungi. Friji lilikuwepo na umeme ulikuwepo, lakini kata ilikuwa haitoki mkononi mwake. Siku ya kuondoka nikamnunulia wake, nikaufunga kwenye magunia, akaupakata kuanzia hapa hadi Tanga kama mtoto mchanga.

Wiki haikuisha, simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, wamekuuzia mtungi mbovu."

"Umevunjika?"

"Mzima. Nimeuweka penye upepo kama ulivyosema, siku tatu. Maji yake ya uvuguvugu."

Nikamwuliza kama unatoka jasho.

"Unatoka," akasema. "Unatoka mpaka sakafu yote imelowa."